Kaushio la jua likigoma, anza na hewa kabla ya kulaumu jua

Kwa anayesafiri kutoka Singida mjini kwenda Nzega, Misigiri ni mahali pa kuchepukia kwenda Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, kabla ya barabara kuu kuteremka Mlima Sekenke kuelekea Shelui. Mabasi na malori yanapita hapo, na kwa mfanyabiashara mdogo kila gari linalosimama ni soko.

Tatizo ni kwamba mboga mbichi haisubiri gari. Masika mlenda, majani ya kunde na mchicha hujaa mpaka hakuna wa kununua. Ikifika Agosti, mboga hizo hizo hutafutwa kwa tochi. Anayeweza kuzikausha vizuri ana bidhaa ya kuuza mwaka mzima.

Kukausha si jambo geni kwa Wanyiramba, wala kwa jirani zao Wanyaturu na Wagogo. Bibi zetu walianika mlenda na vipande vya viazi vitamu juu ya mawe, mikeka na mapaa ya nyumba. Kilichoongezeka ni kaushio la jua, yaani kisanduku cha mbao na nailoni chenye trei ndani, ambacho hukinga mboga dhidi ya vumbi, inzi, kuku na mvua ya ghafla.

Hata hivyo, makaushio mengi hutumika msimu mmoja au miwili, kisha huachwa pembeni yakageuka viota vya kuku. Mwenyewe akiulizwa, husema limeharibika. Ukilichunguza utakuta mara nyingi halina ugonjwa mkubwa. Limezibwa, limejazwa kupita kiasi, au limekaa upande usiofaa. Haya ni mambo ambayo mkulima anaweza kuyatambua na kuyatengeneza mwenyewe nyumbani, bila kumlipa fundi.

Kazi ya joto na kazi ya hewa

Ili kupata chanzo cha tatizo, lazima kwanza ujue kaushio linavyofanya kazi. Hewa ya kawaida huingia kwa tundu la chini. Hupita juu ya bati au ubao uliopakwa rangi nyeusi, ikapata joto. Hewa ya moto ni nyepesi, hivyo hupanda, ikapita katikati ya trei za mboga, ikabeba unyevu na kutoka nao kwa tundu la juu.

Hapa zipo kazi mbili. Joto hutoa maji ndani ya jani. Hewa huyabeba maji hayo na kuyapeleka nje. Moja ikikosekana, nyingine haina faida.

Tupige hesabu. Majani mabichi kilo 10 huwa na maji takriban asilimia 88. Maana yake sehemu kavu ni kilo 1.2 tu. Ili yafikie unyevu wa asilimia 8, unaofaa kuhifadhi, yatabaki kilo 1.3. Kwa hiyo kaushio linatakiwa kutoa lita 8.7 za maji, karibu nusu ya ndoo ya lita 20.

Maji hayo yote yanatoka kama mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke. Hewa hiyo ikipashwa hadi nyuzi 45, uwezo wake unafika takriban gramu 65. Ndiyo sababu tunaipasha joto.

Lakini hewa haitoki imejaa kabisa. Tuseme kila mita ya ujazo inatoka na gramu 10 za ziada. Lita 8.7 zitahitaji mita za ujazo 870 za hewa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, chenye urefu wa mita 2.5. Hewa inayotakiwa kupita ndani ya kaushio lako ni ya vyumba 29 vya namna hiyo. Sasa fikiria hewa yote hiyo ipite kwenye tundu lililozibwa na vumbi na utando wa buibui.

Jambo hili si la makaushio ya kijijini peke yake. Katika nchi za Ulaya na Marekani, nyumba nyingi hutumia mashine ya umeme ya kukaushia nguo. Nguo zikitoka mbichi, jambo la kwanza la kuangaliwa si kiwasha joto bali ni chujio linalonasa nyuzi za nguo, pamoja na bomba la kutolea hewa. Vikiziba, mashine hupata moto lakini nguo hazikauki. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani imekuwa ikitaja kutosafisha mashine hizo kuwa chanzo kinachoongoza cha moto unaoanzia humo. Kaushio la jua halitaunguza nyumba, lakini litaozesha mboga kwa sababu ile ile.

Kosa la kuziba matundu

Kosa linaloonekana mara kwa mara ni hili. Mboga hazijakauka, mwenye kaushio anaona joto halitoshi. Anaziba tundu la juu kwa kitambaa ili joto lisitoke. Kipimajoto kinapanda, naye anafurahi. Jioni anakuta majani yamelegea kama yaliyochemshwa, yana harufu ya kuchacha, na nailoni inatiririka maji kwa ndani.

Katika kijiji kimoja jirani na Misigiri niliwahi kuonyeshwa kaushio la kikundi cha akina mama. Mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, jua la mwaka huu si jua. Viazi vinalala siku nne humo ndani."

Tulikagua tundu la juu. Wavu uliowekwa kuzuia inzi ulikuwa wa chandarua chenye matundu madogo sana, na vumbi la barabarani lilikuwa limeufanya kuwa kama kitambaa cha udongo. Tuliutoa, tukaufua, tukaurudisha ukiwa mkavu. Matone yaliyokuwa ndani ya nailoni yalianza kupotea kabla ya adhuhuri. Jua lilikuwa lile lile.

Matone ndani ya nailoni ndiyo dalili ya kwanza ya kukumbuka. Ukiyaona wakati jua linawaka, kaushio lina joto la kutoa maji lakini halina njia ya kuyatoa nje. Usizibe, fungua.

Kipimo cha moshi

Ipo njia rahisi ya kupima hewa. Toa mboga zote, acha trei tupu, subiri saa sita mchana jua likiwa kali. Washa kijiti cha udi au kipande kidogo cha gunia kitoe moshi bila ndimi za moto, ukishike karibu na tundu la chini. Kuwa mwangalifu, nailoni huungua haraka. Kisha tazama moshi unakwenda wapi.

Ukivutwa ndani na kutokea juu, njia ya hewa ni nzima, tatizo lako liko kwingine.

Ukisita mlangoni au kurudi nje, tundu la juu limeziba, ni dogo mno, au liko chini mno. Safisha wavu kwanza. Kama bado, ongeza ukubwa wa tundu, au weka bomba la kutolea hewa juu yake, maana bomba refu huongeza mvuto.

Ukiingia kisha ukatokea kwenye nyufa za pembeni au mlango, hewa ya moto inakimbia kabla ya kufika kwenye mboga. Ziba nyufa hizo kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, au pigilia mbao upya. Mlango ubanwe kwa kitasa au kwa kamba.

Ukipita upande mmoja tu wa trei, mboga za upande huo zitakauka na za upande wa pili zitaoza. Punguza mrundikano, acha nafasi kati ya trei na trei, na zibadilishe nafasi kila baada ya saa mbili au tatu.

Kama hewa ni nzima, angalia joto

Weka kipimajoto ndani, kivulini, kisipigwe na jua moja kwa moja. Kwa mboga na matunda, nyuzi 45 hadi 60 zinatosha. Likibaki nyuzi chache tu juu ya joto la nje wakati wa mchana mkali, kagua mambo manne.

Kwanza, nailoni. Kipindi cha kiangazi Singida ina upepo mwingi na vumbi jingi, na Misigiri ina la magari juu yake. Ifute kila asubuhi kwa kitambaa laini chenye maji. Ikiwa imekuwa na rangi ya maziwa au inakatika ukiikunja, imezeeka kwa jua. Ibadilishe, na ukipata ile iliyotengenezwa kuhimili jua kwa ajili ya vitalu nyumba, itadumu zaidi kuliko nailoni ya kawaida ya dukani.

Pili, rangi nyeusi. Ikipauka au ikifunikwa na vumbi, haifyonzi joto vizuri. Paka upya kwa rangi nyeusi isiyong'aa, kisha acha kaushio tupu juani siku kadhaa mpaka harufu ya rangi iishe ndipo uingize chakula.

Tatu, kivuli. Mwembe uliokuwa mdogo ulipojenga kaushio huenda sasa unalifunika kuanzia saa tisa alasiri. Tembelea kaushio saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, uone kivuli kinapoangukia.

Nne, upande linakotazama. Misigiri iko takriban nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na mwezi Juni huwa limeinama karibu nyuzi 28. Kwa hiyo kaushio la viazi na nyanya za kiangazi litazame kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua huhamia kusini. Kaushio dogo lenye miguu ni rahisi kuligeuza mara mbili kwa mwaka, kazi ya watu wawili na dakika kumi.

Lipo pia tatizo la joto kupita kiasi. Likizidi nyuzi 65, ngozi ya nje ya kipande hukauka haraka ikawa ngumu na kuyafungia maji ndani. Ukikigusa ni kikavu, ukikivunja ndani ni kibichi. Bidhaa ya namna hiyo huota ukungu ndani ya pakiti wiki chache baadaye, na mteja ndiye atakayeugundua. Dawa yake ni kupanua matundu ya hewa na kukata vipande vyembamba.

Huenda kaushio halina kosa

Makosa mengine yako mikononi mwa anayelitumia, nayo hayagharimu chochote kuyarekebisha.

La kwanza ni kujaza kupita uwezo. Katikati ya Tanzania, siku yenye jua zuri huleta nishati ya takriban kilowati-saa 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba. Kaushio la kawaida likitumia robo ya nishati hiyo, linaweza kutoa kama lita 2 za maji kwa siku kwa kila mita ya mraba ya eneo linalopokea jua. Kaushio lenye mita za mraba 2 litatoa takriban lita 4. Ukiliwekea kilo 10 za majani, zenye lita 8.7 za kutoa, tegemea zaidi ya siku mbili. Ukiliwekea kilo 4 au 5, zitakauka kwa siku moja. Huna haja ya fundi, unahitaji mizani.

Juu ya trei, majani yasizidi kilo 2 hadi 3 kwa mita ya mraba. Viazi na nyanya vikatwe vipande vyembamba vya unene unaolingana, milimita 3 hadi 5 kwa viazi, vipangwe bila kulaliana.

La pili ni kuchanganya. Ukiingiza mboga mbichi juu ya zile zilizokauka nusu, unyevu wa mbichi huhamia kwa kavu. Maliza mkupuo mmoja ndipo uanze mwingine.

La tatu ni usiku. Hewa ya usiku ni ya baridi na yenye unyevu. Matundu yakiachwa wazi, mboga hunyonya tena maji uliyoyatoa mchana kutwa. Funga matundu yote jua linapozama, fungua asubuhi umande ukiisha. Huu ndio wakati pekee ambapo kuziba matundu ni jambo jema.

La nne ni rangi. Mboga za majani zikigeuka kahawia au nyeusi, mara nyingi kosa ni kutozichovya kwenye maji yanayochemka kabla ya kuanika. Dakika moja hadi tatu zinatosha, kisha zitumbukizwe kwenye maji baridi na zichujwe. Aidha, jua likizipiga moja kwa moja hupunguza vitamini A, hivyo kwa majani ni afadhali trei zifunikwe na kitu kisichopitisha mwanga, joto liwafikie kwa njia ya hewa.

Kuhusu trei, usitumie wavu wa madini ya zinki kwa nyanya au maembe, kwa sababu asidi ya matunda hula madini hayo. Wavu wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu unafaa.

Namna ya kujua imekauka

Macho yanadanganya. Jani lililokauka husagika likikamuliwa mkononi. Kipande cha kiazi huvunjika kwa mlio. Nyanya hubaki kama ngozi, ikikunjwa haitoi maji.

Kwa uhakika zaidi, acha bidhaa ipoe, tia kiasi kidogo kwenye chupa safi ya kioo iliyo kavu kabisa, funga vizuri na uiache hadi kesho yake. Ukiona ukungu wa maji au matone kwenye kioo, rudisha bidhaa kwenye kaushio. Usipakie ikiwa bado ya moto, kwani mvuke wake utageuka maji ndani ya pakiti.

Hasara iko wapi

Baadhi ya wafanyabiashara huona unyevu kidogo ni faida, maana maji yana uzito. Tufanye hesabu kwa bei ya mfano, nawe uweke ya soko lako. Tuseme umenunua kilo 20 za majani kwa shilingi 800 kila moja, jumla shilingi 16,000. Zikikauka vizuri utapata kilo 2.6. Kila kilo kavu imekugharimu majani ya shilingi 6,150 hivi. Robo ikiota ukungu ukaitupa, utabaki na kilo 1.95, na kila kilo sasa imekugharimu zaidi ya shilingi 8,200, kabla hujahesabu kuni, vifungashio na muda wako. Ukifua wavu kwa wakati, tofauti hiyo ya shilingi 2,000 kwa kilo inabaki mfukoni.

Lipo pia suala zito kuliko fedha. Mwaka 2004, nchini Kenya, watu 125 walikufa katika mlipuko wa sumu kuvu uliosababishwa na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mwaka 2016 mlipuko kama huo ulitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara, inayopakana na Singida, na watu wapatao 20 wakapoteza maisha. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na kupika kwa kawaida hakuimalizi. Mahindi na karanga ndiyo mazao yanayoshambuliwa zaidi, lakini funzo ni kwa kila anayekausha chakula: chenye ukungu hakichaguliwi wala hakisagwi ili kufichwa. Kinatupwa.

Kwa anayefikiria kuuza kwenye maduka, vyakula vilivyofungashwa vinahitaji kusajiliwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo mwaka 2019 lilikabidhiwa kazi ya kusimamia usalama wa chakula iliyokuwa ya TFDA. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lina ofisi yake Singida mjini na ndiko mahali pazuri pa kuanzia kuuliza kuhusu usindikaji na vifungashio. Lakini hakuna nembo itakayouza tena pakiti ambayo mteja aliifungua akakuta ukungu.

Ufuate mpangilio gani

Kaushio likigoma, fuata utaratibu wa kuanza na kisicho na gharama. Pima uzito wa mboga unazoingiza. Fua wavu wa chini na wa juu. Futa nailoni. Tazama kivuli na upande wa jua. Fanya kipimo cha moshi, uzibe nyufa. Baada ya hapo ndipo ufikirie kununua nailoni mpya au rangi. Fundi aitwe mwisho, wakati mbao zimeoza au tundu linahitaji kujengwa upya.

Andika kwenye daftari kila mkupuo: tarehe, kilo zilizoingia, kilo zilizotoka na siku zilizotumika. Kaushio lililokuwa likimaliza kilo 5 kwa siku moja likianza kuchukua siku mbili, na mbingu ni nyeupe, daftari litakuambia mapema kwamba kuna kitu kimeziba. Utakisafisha jioni hiyo hiyo, kabla mboga za kesho hazijachumwa.